Mashine ya Risiti Imelazwa

"TANGAZO KWA UMMA. Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa duka hili la saruji na mabati unawajulisha wateja wote wa Mapinga kwamba mashine ya risiti imelazwa. Haitatoa risiti hadi itakapopona."

Uongozi wenyewe ulikuwa mimi, Ishaka, wa kidato cha pili, niliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Nilibandika tangazo kwenye kioo cha duka wakati Baba akipanga mabati stoo.

Nilikuwa na sababu. Mteja akiondoka bila risiti, Baba hunituma nimkimbilie nayo. Baba ni mzee wa kanisa, na kwake risiti ni sehemu ya ibada. Jana nilimkimbilia fundi mwenye pikipiki, nusura nifike Kerege. Kwa hiyo leo nilichomoa roli ya karatasi, ya mwisho, na mashine ikanyamaza.

Mara akaja Mzee Masoud, msimamizi wa ujenzi wa zahanati yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka saruji, na risiti yake. Leo baada ya swala ya alasiri nasimama mbele ya mkutano. Nikienda mikono mitupu, watasema nimekula michango yao."

Baba akatoka stoo, akafunua mashine. "Haina karatasi! Basi siuzi. Nafunga duka, nikatafute nyingine Bagamoyo mjini."

"Utarudi mkutano umekwisha, Baba Ishaka! Niandikie kwa mkono tu. Wewe mtu wa Mungu bwana."

"Ndiyo maana siwezi, mwenzangu. Jumapili niombe kanisani tupate zahanati, Jumatatu nifiche kodi ya kumlipa muuguzi? Yesu alipoulizwa habari ya kodi, hakutufundisha kukwepa. Kuna haki ya Mungu na kuna haki ya serikali, na zote natakiwa kuzitoa."

Mzee Masoud akaketi juu ya mfuko wa saruji, akashika kichwa. Mzaha wangu ukaanza kunichoma. Nilikuwa nafungua mdomo, Baba akaniwahi. Alikuwa amebandua tangazo langu na kulipapasa. Lilikuwa jembamba, laini, na linajikunja lenyewe.

"Ishaka. Karatasi hii umeitoa wapi?"

Nilikwenda kwenye ndoo tupu ya rangi, nikaitoa roli niliyoificha humo.

Baba akaipachika, mashine ikakoroma, ikatema risiti. Mzee Masoud akaishika kwa mikono miwili, akashusha pumzi, kisha akacheka. "Alhamdulillahi! Kumbe dawa alikuwa nayo daktari mwenyewe!"

Hata Baba alitabasamu, ingawa kidogo. "Mwanangu, karatasi hiyo imelinda jina la mtu, na kodi yake itanunua dawa ya mgonjwa usiyemjua. Kumpenda jirani ni pamoja na hilo. Haya, wewe ni mtangazaji. Watangazie."

Wateja watatu walikuwa wamefika. Nikasimama mlangoni, nikakohoa kwa heshima zote.

"Tangazo kwa umma. Mashine haikuugua. Mgonjwa ni mimi, naumwa uvivu. Karatasi niliificha mimi."