Tonge Hataki Kula

Sogeeni karibu. Sogeeni tena kidogo. Hii ni habari ya Zamoyoni na nyoka aliyehamia kwao.

Zamoyoni aliishi Korogwe na mama yake. Nyumba yao ilikuwa ndogo, karibu na reli. Treni ikipita, vikombe kabatini vilicheza. Kili-kili-kili!

Mwaka ule mvua ya masika ilinyesha sana. Na katika mvua ile, Mjomba Semboja aliugua. Akapelekwa hospitali.

Hakurudi. Mjomba Semboja alikufa.

Alikuwa kaka yake Mama. Alikuwa na pikipiki nyekundu na kicheko kikubwa. Kazi yake ilikuwa kutunza nyoka, kwenye nyumba ya nyoka ambako watu huenda kuwatazama.

Mvua zilipokwisha, mtu alibisha mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu!"

Alikuwa Mkaza-mjomba Eliwaza, mke wa Mjomba Semboja.

"Shikamoo, Mkaza-mjomba," alisema Zamoyoni.

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo sana.

Alibeba sanduku la mbao. Upande mmoja lilikuwa na kioo.

"Wifi," alimwambia Mama, "mimi narudi Same kwa mama yangu. Huyu siwezi kwenda naye. Marehemu mwenyewe alisema apewe Zamoyoni."

Zamoyoni akachungulia kiooni.

"Tonge!"

Tonge alikuwa chatu. Lakini si chatu mkubwa wa porini. Chatu wa aina yake ni wadogo. Hata akizeeka, hazidi urefu wa kanga. Na hana sumu hata tone.

Tonge akiogopa, hujikunja. Huficha kichwa katikati. Huwa mviringo kabisa, kama tonge la ugali. Ndiyo maana Mjomba alimwita Tonge.

Zamani, kila jioni, Mjomba alimwimbia:

*Tonge, Tonge, toa kichwa,*
*jua limekwisha kuchwa!*

Na Tonge alitoa kichwa. Ulimi wake ulicheza. Lepe, lepe, lepe. Kisha akapanda polepole mkononi kwa Mjomba.

"Anataka joto," alisema Mkaza-mjomba. "Anataka maji. Anataka mahali pa kujificha. Na msimshike mpaka ale kwanza."

"Akikataa kula je?" aliuliza Mama.

"Akikataa kabisa, waiteni watu wa nyumba ya nyoka. Watakuja kumchukua."

Mkaza-mjomba akaweka kiganja chake juu ya kioo. Kisha akaaga, akaenda zake, bila kugeuka nyuma.

Sasa, Mama aliogopa nyoka. Tangu utotoni aliwaogopa.

"Semboja na nyoka wake!" alikuwa akisema. "Mimi nitawatazamia mlangoni."

Lakini siku ile Mama alibeba sanduku kwa mikono yake miwili. Akaliweka sebuleni, mezani, karibu na cherehani yake. Akawasha taa ndogo ya kumpa Tonge joto.

Chakula cha Tonge kilikuwa panya mdogo. Panya alikuwa amekwisha kufa, tena amegandishwa, mgumu kama barafu. Mkaza-mjomba alileta kopo zima la panya kama huyo, likakaa ndani ya friji.

"Kwenye friji yangu!" alisema Mama. Lakini hakulitoa.

Jioni Mama alimtia panya kwenye maji ya moto, mpaka akawa laini na vuguvugu.

Zamoyoni alimtazama panya. Masikio yake yalikuwa madogo, ya rangi ya waridi.

"Pole, panya," alisema Zamoyoni. Alimaanisha kweli.

Mama akamshika panya kwa kibano kirefu. Akamtia sandukuni. Zamoyoni akaimba:

*Tonge, Tonge, toa kichwa,*
*jua limekwisha kuchwa!*

Tonge hakutoa kichwa. Alijikunja. Kimya.

Asubuhi panya alikuwa palepale. Mama akamtupa.

"Tutajaribu tena," alisema Mama.

Siku zikapita. Wakajaribu tena. Zamoyoni akaimba kwa sauti kubwa zaidi:

*TONGE, TONGE, TOA KICHWA,*
*JUA LIMEKWISHA KUCHWA!*

Tonge hakutoa kichwa. Alijikunja. Kimya.

Zamoyoni akagonga kioo. Ko, ko, ko! Akatikisa sanduku kidogo. Akasogeza uso wake mpaka pua ikabonyea kwenye kioo.

"Tonge, ni mimi! Hunijui?"

Cherehani ya Mama ililia. Tra-ta-ta-ta-ta! Treni ikapita. Vikombe vikacheza. Kili-kili-kili!

Tonge akajikunja zaidi.

Siku moja Mama alikwenda kisimani. Zamoyoni alikuwa amekatazwa kufungua sanduku. Alijua kabisa.

Akafungua.

"Nitakubeba kama Mjomba," alinong'ona. "Utapanda mkononi. Utafurahi."

Akamtoa Tonge. Tonge hakupanda mkononi. Alijikaza, akawa mgumu kama jiwe. Kichwa chake alikificha ndani kabisa.

Zamoyoni alisimama katikati ya chumba, tonge lile limejaa mikononi mwake. Hakujua afanye nini. Machozi yakamtoka. Yakadondokea ngozi ya Tonge. To. To. To.

Mlango ukafunguka. Mama aliingia na ndoo yake.

Aliona sanduku. Aliona Tonge. Aliona machozi.

Mama akaitua ndoo. Akafuta mikono kwenye kanga yake. Kisha akainyoosha.

"Nipe mimi, mwanangu. Taratibu."

Na Mama, ambaye hakuwahi kugusa nyoka maisha yake yote, akampokea Tonge. Akamrudisha sandukuni polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Akafunga.

"Utanipiga?" aliuliza Zamoyoni.

"Hapana. Lakini usifungue tena peke yako."

"Sifungui tena."

Wakaketi mkekani.

"Mama, Tonge ananichukia."

"Hakuchukii. Anaogopa. Amehama kwake. Hapa kila kitu ni kigeni. Harufu ngeni, mikono migeni."

"Nimemwimbia wimbo wa Mjomba! Mbona hasikii?"

"Nyoka hasikii nyimbo kama sisi," alisema Mama. "Semboja aliniambia. Nyoka husikia kwa tumbo, chini pakitikisika. Wimbo ule Mjomba wako alikuimbia wewe. Tonge alijua harufu ya mkono wake tu, na joto lake."

Zamoyoni akafikiri. Mkono ule haupo tena.

"Tonge anamtafuta Mjomba?"

"Sijui, mwanangu. Moyo wa nyoka siujui." Mama alitazama dirishani. "Mimi ndiye ninayemtafuta. Kila nikisikia pikipiki, nachungulia. Najua si yeye. Bado nachungulia."

Na Mama akalia.

Zamoyoni hakuwahi kumwona Mama akilia. Alidhani Mama hana machozi. Kumbe alikuwa nayo, tena mengi. Alikuwa akiyaficha.

Zamoyoni akamkumbatia. Walikaa vile mpaka ugali ukaungua jikoni.

Kesho yake Zamoyoni aliamka na wazo.

"Mama, kama Tonge anasikia kwa tumbo, basi anasikia cherehani!"

"Lo! Ni kweli."

"Na anasikia treni. Na anasikia nikigonga."

Basi wakalihamisha sanduku. Walilipeleka chumba cha nyuma, mbali na cherehani, mbali na kabati la vikombe. Chini yake wakatandika blanketi nene, ili treni ikipita Tonge asitikisike sana.

Mama akafunika kioo kwa kitambaa. Zamoyoni akatafuta nyuma ya nyumba, akapata kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika. Akakiosha. Akakikausha juani. Mama akakiweka sandukuni, kikawa kama pango dogo.

Tonge akaingia chini ya kigae. Mkia wake ukapotea wa mwisho. Sruuu.

"Sasa tumwache," alisema Mama.

"Nisimwangalie?"

"Usimwangalie."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kumbe kumwacha mtu unayempenda ni kazi ngumu! Zamoyoni alipita mlangoni kwa vidole vya miguu. Nyato, nyato, nyato. Hakugonga. Hakuimba. Mama aliingia peke yake kubadilisha maji, akatoka.

Lakini moyo wa Zamoyoni uliuma. Je, Tonge akikataa tena? Watu wa nyumba ya nyoka watakuja. Watamchukua. Mjomba amekwenda, na Tonge naye atakwenda.

Siku nyingi zikapita. Ndipo jioni moja Mama akatoa panya kwenye kopo.

"Leo tujaribu," alisema. "Akikataa leo, nitawaita wale watu. Siwezi kumwacha akonde mpaka afe."

Zamoyoni akaitikia kwa kichwa.

Mama akampasha panya joto. Akainua kitambaa kidogo. Akamlaza panya mbele ya kigae. Kisha wote wawili wakaketi sakafuni, mbali, bila kutikisika.

Kimya.

Kimya kirefu.

Chini ya kigae kikatokea kitu chembamba, cheusi. Lepe.

Ulimi!

Lepe. Lepe, lepe.

Kikatokea kichwa. Kidogo, cha kahawia, chenye macho kama punje za pilipili manga. Tonge akanusa huku. Akanusa kule. Zamoyoni alibana pumzi.

CHWAP!

Tonge akamdaka panya. Akamviringisha mara moja, mara ya pili. Kisha akaanza kummeza. Polepole. Polepole. Kwanza masikio. Halafu tumbo. Mwisho ukabaki mkia tu, kama uzi.

Na mkia nao ukaenda.

Mama akashusha kitambaa. Wakatoka kwa vidole vya miguu. Nyato, nyato, nyato.

"Amekula!" alisema Mama. "Zamoyoni, amekula!"

Zamoyoni alidhani ataruka kwa furaha. Hakuruka. Midomo yake ilicheza, kisha akaangua kilio.

"Nini tena, mwanangu?"

"Amekula... na Mjomba hayupo."

Mama akapiga magoti mbele yake. Akamshika mashavu.

"Ndiyo," alisema. "Hayupo. Na Tonge amekula. Yote mawili ni kweli."

"Amemsahau?"

"Hapana. Kula si kusahau. Ukiwa na huzuni bado unakula, ili upate nguvu ya kumkumbuka mtu wako."

Zamoyoni akafuta pua kwa mkono.

"Mama, wewe hujala tangu asubuhi. Nimeona."

Mama akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

Basi wakaenda jikoni. Kulikuwa na makande, mahindi na maharage yaliyopikwa kwa nazi. Mama akapakua sahani mbili. Mwanzo alikula punje mojamoja. Halafu akala kijiko kizima. Halafu akaongeza.

Zamoyoni naye akaongeza.

Wakati wa kulala, Zamoyoni aliuliza, "Mama, kesho tutamshika Tonge?"

"Kesho hapana. Chakula kishuke kwanza."

"Kesho kutwa?"

"Tutaona. Yeye mwenyewe atatuambia."

"Nyoka hasemi, Mama."

"Asipojikunja, amesema."

Zamoyoni akalifikiria hilo. Lilimpendeza.

"Nikimkumbuka Mjomba usiku, nikuamshe?"

"Niamshe. Nami nikimkumbuka nikuamshe?"

"Niamshe," alisema Zamoyoni.

Mama akavua kandambili. Akapanda kitandani, akajilaza kando yake.

Chumba cha nyuma, chini ya kigae, Tonge alikuwa amelala, tumbo limemvimba kama limau. Kisha Zamoyoni akalala, mkono wake juu ya bega la Mama. Kisha Mama naye, ambaye tangu masika hakupata usingizi mzuri, akafumba macho, akapumua polepole.

Nyumba nzima imelala.

Shhh. Nasi tunyamaze. Tusiwaamshe.