Simu Isiyoaminika

Karakana yetu ya mapazia ilikuwa na raha yake. Cherehani zinanguruma, pasi inatoa mvuke, na simu kuukuu ya mshonaji mmoja inaimba juu ya rundo la vitambaa. Simu hiyo iliwahi kufa. Walioitengeneza waliacha kuihudumia, ikawa nzito kama gogo, mpaka kaka yake mshonaji alipofuta mfumo wake wa zamani na kuiwekea mwingine, wa bure. Ikafufuka. Wenzake wakamtania kwamba simu imeolewa upya uzeeni.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, maana balaa halipigi hodi.

Mama yake mshonaji alikuwa mgonjwa wa figo. Kliniki ilimsafisha damu kwa zamu, na zamu ilithibitishwa kwa programu ya simu tu. Asubuhi moja programu ikagoma. Iliandika: "Mfumo wa simu hii hauaminiki." Mshonaji akamshika mama yake mkono, wakaenda hadi dirisha la kliniki.

"Simu yangu nzima, programu yenu ndiyo imeikataa," alimwambia karani. "Mgonjwa mwenyewe huyu hapa, mtazame."

"Namwona, dada yangu. Lakini kompyuta haioni mtu, inaona simu. Nunua nyingine tu."

Nunua nyingine! Hivi ukinunua kitanda, seremala ndiye anayekuchagulia shuka?

Mkata vitambaa, shoga yake waliyemwita Chapuchapu, akamwazima simu yake. Programu ilikubali mgonjwa mmoja kwa kila simu, na humo tayari alikuwamo mtoto wa Chapuchapu, mwenye pumu. Wakakubaliana kupokezana: huyu akitoka, yule anaingia. Ujanja wa wanyonge huo, na ulifaa, mpaka siku mtoto alipobanwa kifua. Chapuchapu akamtoa bibi, yaani mama yake mshonaji, kwenye programu, akamwingiza mwanawe, akakimbia naye kliniki. Kwa kile kiwewe akasahau kumrudisha bibi.

Zamu ya bibi haikuthibitishwa, kitanda chake kikapewa mtu mwingine. Karani akampangia zamu ya mbele, na Chapuchapu akamrudisha kwenye programu.

"Twende, mwanangu," mama alisema. "Tusiwasumbue watu, wana kazi zao."

Zamu hiyo hakuifikia.

Baada ya mazishi mshonaji alirudi karakanani. Hakulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na mikono ilishona yenyewe. Chapuchapu akapiga magoti kando ya cherehani.

"Shoga, nipige hata kofi."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anapumua vizuri."

"Afadhali. Nipe mkasi."

Hapo simu ya Chapuchapu ikalia. Kliniki ilikuwa inauliza kama mgonjwa wa figo atafika kwenye zamu yake. Palikuwa na vitufe viwili: "Nitafika" na "Sitafika." Mshonaji akaichukua, akabonyeza cha pili. Programu ikamshukuru kwa kutoa taarifa mapema. Akairudisha simu, akaendelea kukunja pindo.

FUNZO

Simu ni ya aliyeinunua, na kuibadilishia mfumo si wizi. Enyi wenye huduma, msimfungie mtu mlango kwa sababu hiyo. Huduma inayogusa uhai iwe na mlango wa pili, ambako mtu anamwona mtu. Nasi tuliozoea kusema "nunua nyingine" tujitazame. Siku ile ya kwanza tungekwenda sote dirishani kudai haki. Badala yake tuliazimana simu kimyakimya, na kimya chetu kimemzika yule mama.