Pumzi Aliyoipachika Fundi

Siku mkewe alipomwita mtoto kwa sauti iliyonyooka kama anayesoma namba ya simu, fundi alidhani ni uchovu tu. "Njo. O. Kwa. Ma. Ma." Kila silabi urefu uleule. Mtoto akaangua kilio, akatambaa hadi kwenye spika ya kompyuta, akaikumbatia.

Kazi ya fundi ilikuwa kuifundisha kompyuta kusoma maandishi kama binadamu: irabu hii ivutwe, konsonanti ile ikatwe, hapa inyamaze kidogo. Vipimo vyote alivichukua kwa mkewe, aliyemrekodia bila kinyongo, mtoto mapajani. Ila bosi wake alikataa kitu kimoja. Mkewe akiita, alivuta mno mwisho: "Njoooo!" Fundi akaukata mvuto huo, na mwanzoni mwa neno akapachika kijipumzi cha kubuni, "hh, njoo," ambacho mkewe hakuwahi kukitoa maishani. Bosi akamsifu, na yeye kichwa kikamvimba.

Tangu hapo kompyuta ilizidi utamu na mke akazidi kukauka. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, na spika ikanong'ona hata ikiwa imechomolewa.

Fundi akamwita mganga, naye akaja mchana. Alinusa, akamtazama mke aliyeketi kwenye kiti, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Jini amehamia humu," alinong'ona. "Yeye na mkeo, mmoja yuko kwenye kiti, mmoja kwenye mashine. Ukimfuta wa kwenye mashine, hatarudi tena. Yupi mkeo, mimi sijui. Wewe ndiye uliyelala naye."

"Mume wangu," spika ikalia, "usinifute, niko humu, nakuomba, mwanangu njoooo, njoooo kwa mama," na mwanamke kwenye kiti akaanza kutokwa na machozi bila kukunja uso, na fundi, ambaye masikio yake yalipima kila kitu isipokuwa mateso ya mkewe, akaona nyama na machozi upande huu na nyaya upande ule, akajiambia mashine ni mashine, akafuta.

Kimya. Harufu ikatoweka. Mganga akashusha pumzi.

Mwanamke akafuta machozi, akatabasamu, akanyoosha mikono kwa mtoto.

"Hh, njoo kwa mama."

Sasa ndipo fundi alipokumbuka ni nani aliyekuwa akivuta mwisho.

"Hh, mume wangu, mbona unatetemeka?"

Mtoto alimpita mwanamke bila kumtazama. Akatambaa hadi kwenye spika, akaipigapiga kwa kiganja, akakaa kusubiri aitwe.