Geti Lililokutwa Wazi

Stendi ya mabasi ya Leeds ilifurika watu Jumamosi ile, Hester akamkanyaga mtu buti. Kuinua macho, kumbe ni Rowan, waliyeachana naye miezi miwili nyuma kwa sababu moja tu: mwanamume huyu hakujua kusema amekosa.

"Unakwenda Bonde la Wharfe?" Rowan akauliza.

"Bonde si lako peke yako."

"Basi tutembee wote. Nikikuudhi, nisukume mtoni."

Hester akacheka, na alikuwa ameapa hatacheka. Waliposhuka basi bondeni, skafu yake ya manjano ikipepea, walifuata mto kijiji hadi kijiji, wakavuka kwa kurukia mawe, wakapishana kwenye mageti ya malisho. Utani ukarudi. Alimpenda bado, na hilo lilimtia hofu. Kumpenda si kazi; kazi ni kuishi na mtu asiyekosea.

Kijiji cha tatu walikaa kunywa chai na keki. Jua lilikuwa kali. Hester akatua kikombe.

"Lile geti tulilolikuta wazi, limefungwa kamba ukutani lisijifunge. Ulilifanyaje?"

"Nililifunga. Geti hufungwa, mpenzi, kila mtu anajua."

"Mimi nimekulia shambani, Rowan. Geti unaliacha ulivyolikuta. Mwenyewe aliliacha wazi ili kondoo washuke mtoni. Sasa wana kiu."

Akangoja visingizio. Alivijua vyote kwa majina.

Rowan alitazama saa. Basi la mwisho lilibakiza dakika arobaini, na geti lilikuwa maili mbili nyuma. Akavaa mkoba wake.

"Nimekosa," akasema. "Wewe wahi basi. Mimi narudi."

Hester aliiacha keki nusu, akamfuata.

Kondoo walikuwa wamejazana getini, wanalia. Rowan alipofungua tu, walimpita mbio, wakamwangusha penye samadi. Hester akamnyanyua, wala hakumwachia mkono.

"Na kwako nilikosa," Rowan akasema. "Tena si mara moja."

"Najua. Nilikuwa nasubiri ujue wewe."

Wakawatazama kondoo wakinywa mpaka wa mwisho. Kisha Hester akampigia simu mama yake.

"Mama, basi limetuacha. Niko na Rowan."

Mama akauliza jambo moja tu.

"Kaomba radhi?"

"Kaomba."

"Haya, nakuja na gari. Ila mwambie atakaa nyuma, na mbwa."