Vishimo vya Mihogo Juu ya Bwawa

Niyitegeka anaishi Kitahana, wilayani Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, pamoja na mkewe Kezia na binti yao mdogo, Jeanne. Wanalima mihogo na maharage. Asubuhi Niyitegeka hubeba ndoano zake na kwenda kuvua bwawani. Akipata perege, nyumba inafurahi. Asipopata, wanakula ugali na sombe, yaani kisamvu, na Jeanne ananuna.

Mwezi wa Machi mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Kulipokucha, bwawa lilikuwa jekundu kwa tope. Perege walikuwa juu ya maji, wanahema, midomo wazi. Wengine walikuwa wamekufa, wanaelea ukingoni.

Watu walijaa, kila mtu na lake. Stanislaus, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, ni mtu wa kuamua kwanza na kuuliza baadaye. Alimgeukia Niyitegeka.

“Nani yuko hapa kila asubuhi? Wewe. Umetia sumu.”

“Mzee, mimi navua kwa ndoano. Nitie sumu bwawa linalonilisha?”

“Huko kwenu Burundi ndivyo mnavyovua.”

“Kwetu ni hapa,” alijibu Niyitegeka. “Nimezaliwa hapa.”

Hakuna aliyemtetea. Stanislaus alimnyang'anya ndoano zote. “Huvui tena mpaka kamati ikae.”

Niyitegeka alirudi nyumbani mikono mitupu. Ilimuuma sana.

“Kamati ikikaa itakufukuza bwawani moja kwa moja,” alisema Kezia. “Twende kwa bwana samaki.”

Bwana samaki ndilo jina ambalo watu humwita Nurudini, afisa uvuvi. Yeye ni mtu wa Pangani, amehamishiwa Kibondo kikazi. Alikuja kwa pikipiki siku ileile.

Nurudini hakukaa sana bwawani. Alikifuata kijito kinacholijaza bwawa, akapanda nacho, watu nyuma yake. Huko juu, kando ya kijito, palikuwa na vishimo vingi vya kulowekea mihogo. Mvua ilikuwa imevifurikisha. Mihogo iliyovunda ilitapakaa mpaka kijitoni, na harufu yake ilikuwa kali.

“Vishimo hivi ni vya nani?” aliuliza Nurudini.

Kezia alisogea mbele.

“Kimoja ni changu,” alisema Kezia.

“Na kile kikubwa?”

Watu walimtazama Stanislaus. Alikohoa kidogo.

“Changu,” alisema.

“Basi sumu imetoka hapa,” alisema Nurudini. “Maji ya mihogo yana sumu. Tena mihogo iliyovunda ikiingia bwawani, inamaliza hewa iliyomo majini. Samaki wanakosa pumzi, wanapanda juu kuitafuta.”

“Na hawa waliokufa, tupike?” aliuliza Kezia.

“Hapana. Samaki mliyemkuta amekufa msimle. Mfukieni mbali na maji.”

“Lakini mihogo lazima tuloweke, bwana samaki. La sivyo tutakula nini?”

“Lowekeni, mama, ila kwenye pipa, nyumbani. Maji yake mwageni mbali na kijito na kisima. Vishimo hivi vifukieni.”

Kisha aliwaeleza habari za kuvua baada ya mvua. Perege hutafuta chakula kwa macho. Kwenye tope haoni chambo, kwa hiyo ni heri kusubiri maji yatulie. Kambale hunusa. Yeye hupatikana pale kijito kinapoingia bwawani, kwa chambo cha nyungunyungu. Aliwakataza kusimama mahali maji yanapofurikia, maana ukingo uliolowa hubomoka.

Wiki ile vishimo vilifukiwa. Stanislaus alifukia chake mwenyewe. Ndoano hakurudisha. Alidai kamati bado haijakaa.

Aprili ikanyesha mvua nyingine kubwa. Asubuhi watu walikimbilia bwawani. Maji yalikuwa mekundu vilevile, lakini hakuna samaki aliyepanda juu kuhema, wala aliyekufa. Stanislaus alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa ameshika ndoano za Niyitegeka.

“Baba Jeanne,” alisema mbele ya wote, “nilikusingizia. Sumu ilikuwa yangu. Nisamehe.”

Niyitegeka alizipokea. Kisha alichomeka nyungunyungu kwenye ndoano moja, akampa Stanislaus.

“Kambale wako pale kijito kinapoingia, mzee. Twende.”

Jioni ile Jeanne hakununa.