Noti Tano kwa Kosa la Moja

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua, mwalimu wa kwaya huweka kompyuta yake mezani sebuleni. Baba yake, seremala mstaafu, huvuta kiti akae karibu. Mzee anaimba kipande kwa kipande, binti anaandika noti za muziki kwenye programu ya kompyuta.

Wimbo wenyewe mzee aliutunga zamani kwa ajili ya mkewe, ambaye sasa ni marehemu. Una beti tatu, na kila ubeti una tuni yake. Haujaandikwa popote. Uko kichwani mwa mzee tu, na kichwa hicho kimeanza kusahau. Juzi alitafuta miwani saa nzima, kumbe ameivaa. Binti alicheka sana, kisha akaogopa.

"Imba tena hapo, Baba."

Mzee akaimba. Binti akaandika noti tano, lakini ya tatu ikakaa chini mno. Akazifuta zote tano, akaanza upya. Alipomaliza, ya tatu ilikuwa bado chini, na mzee alikuwa anatazama dirishani.

"Tulifika wapi, mwanangu?"

"Mwisho wa ubeti wa pili."

"Basi, umenitoka."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya nne kukwama palepale. Ubeti wa tatu binti alikuwa hajawahi kuusikia.

Jirani yao, mpiga kinanda, alikuwa amekuja kuazima pasi. Alisimama mlangoni akiangalia.

"Mwalimu, mbona unafuta zote kwa kosa la moja?"

"Nataka kazi safi. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wimbo unamtoka mzee, wewe unafagia."

Mzee akacheka. "Kiti kikiwa na mguu mmoja mrefu, mimi napunguza mguu. Sichomi kiti."

"Hata wewe, Baba?" binti alisema.

Jirani akavuta stuli. "Bofya noti iliyokosewa, hiyo moja tu. Sasa bonyeza mshale wa juu."

Binti akabonyeza. Noti ikapanda kidogo. Akabonyeza tena, ikakaa mahali pake.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Mshale wa chini unashusha. Na ile uliyoiandika sasa hivi, huna haja hata ya kuibofya. Piga mshale, endelea. Kama urefu ndio umekosewa, ichague, bonyeza namba ya urefu unaoutaka. Ila angalia, ukiirefusha itameza ya mbele yake."

"Nikiharibu je?"

"Ctrl na Z, inarudi ilivyokuwa. Na kosa likikushinda, liache. Kosa litakusubiri. Mzee akishaanza kuimba, usimsimamishe."

Wakapumzika kidogo, wakanywa chai. Kisha mzee akaanza ubeti wa pili kutoka mwanzo. Binti akakosea mara tatu, na mara tatu akapiga mshale na kuendelea. Mzee akafika pale pa kukwama. Akapapita. Akaingia ubeti wa tatu, taratibu, mpaka neno la mwisho.

Binti akarekebisha noti mbili za ubeti wa tatu alizokuwa ameziacha na makosa, akabonyeza kitufe cha kucheza. Wimbo ukasikika wote, beti tatu. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hapo mwishoni mama yako alikuwa ananiitikia," alisema. "Sauti ya pili."

Machozi yalikuwa yanamtoka binti, naye hakuyaficha. "Bado unaikumbuka, Baba?"

"Yote. Wewe andika."