Mikono Mifupi

Kinukuzi, roboti ya kunakili sauti za zamani, kilinyoosha mkono wake mwembamba juu ya santuri iliyopasuka, kikaimwagia ute wa rangi ya maziwa, kikasubiri sekunde tisa, kisha kikawasha nuru. Hakikuwa na sindano. Nuru ile ilipita ndani ya mifuo ya santuri na kuisoma kama kidole cha kipofu kinavyosoma maandishi ya nukta, na kila ilichosoma kiligeuzwa tarakimu na kuhifadhiwa ndani ya kidonge kidogo kuliko punje ya mchele. Ute ukishaganda, vipande vya santuri hushikana, lakini mifuo huzibika moja kwa moja. Ndiyo maana santuri iliyopasuka husomwa mara moja tu.

"Kazi inakwenda vizuri, mzee wangu," kilisema Kinukuzi. "Ungependa kutoa maoni kuhusu huduma yetu?"

"Hujamaliza. Nitoe maoni ya nini?"

"Nimesikia, mzee wangu."

Hiyo ilikuwa mara ya sita tangu asubuhi kuombwa maoni, na Zakaria Mkude alikuwa na maoni mengi ambayo hayakufaa kutamkwa mbele ya mkewe. Mwaka ulikuwa 2097. Morogoro ilikuwa na roboti za kuzibua mitaro, roboti za kupogoa miti na gari la sumaku lililofika Dodoma kabla abiria hajamaliza chai yake. Na bado, aliwaza Zakaria, hakuna aliyetengeneza mashine inayojua kunyamaza.

Anastazia, mkewe, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, khanga magotini. Kiharusi kilikuwa kimempata miezi saba nyuma. Madaktari walimpandikizia nyuzi-neva, wakapima kila kona ya ubongo wake, wakatangaza kuwa amepona. Lakini hakusema neno hata moja. Alikula, alitembea akishikwa mkono, alitazama nje.

"Maneno yamo," daktari alimwambia Zakaria. "Hayajapata njia tu. Mtafutie kitu alichozoea kukijibu bila kufikiri. Usichelewe sana, maana nyuzi zisipotumika zitalala."

Zakaria hakuhitaji kutafuta. Santuri ile ilikuwa ya babu yake Anastazia, wimbo wa bendi ya dansi iliyokwisha kusahauliwa, unaomhusu bwana harusi aliyeletewa suti ya ovyo na fundi. Kwenye dakika ya tatu ulikuwapo mkwaruzo, na hapo sindano ilikwama kila mara: mikono mifupi, mikono mifupi, mikono mifupi. Kwa miaka arobaini Anastazia alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni, "Baba Tekla, kaisukume hiyo." Zakaria alijifanya hasikii hadi aitwe mara ya pili, ndipo ainuke na kuusukuma mkono wa gramafoni kwa kidole. Hakuna siku mkewe aliyoiacha ipite bila kuita.

Basi wiki mbili zilizopita aliitoa santuri kwenye jalada lake ili ampigie, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Alijiita mjinga kwa sauti, mara kadhaa. Sindano isingeweza tena kupita juu ya ufa ule bila kuivunja kabisa, na ndipo Tekla, binti yao aliyefanya kazi kwenye kituo cha anga, alipomwagizia Kinukuzi.

Kabla nuru haijawashwa, Zakaria alikuwa amekieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Dakika ya tatu kuna mkwaruzo. Usiuguse. Nataka neno lijirudierudie kama lilivyo."

"Nimesikia, mzee wangu," Kinukuzi kilijibu.

Sasa nuru ilizimika. "Tayari," kilisema Kinukuzi, na wimbo ukajaa sebuleni. Ulikuwa safi kupita kiasi. Gitaa lililokuwa likisikika kama limefunikwa blanketi lilikuwa wazi, ngoma ziliachana moja moja. Zakaria akasogeza kiti karibu na mkewe. Dakika ya kwanza, ya pili. Dakika ya tatu mwimbaji akasema mikono mifupi, mara moja tu, akaendelea kulalamikia suruali.

Anastazia alitazama dirisha.

"Umefanya nini?" Zakaria aliuliza. "Mkwaruzo uko wapi?"

"Dosari zote mia nne na kumi na mbili zimeondolewa, mzee wangu."

"Nilikuambia usiuondoe. Ukasema umesikia."

"Nilisikia, mzee wangu."

"Ukikataa jambo unasema nini?"

"Ninasema nimesikia."

Zakaria alifumba macho akajisugua paji la uso. "Nipe nakala ghafi. Ile ya kabla ya kusafishwa."

"Imefutwa, mzee wangu. Kanuni za Vinukuzi, kifungu cha nne: nakala yenye dosari isibaki, isije ikasambaa. Kifungu cha kumi na moja: kinukuzi kisimwambie mtu mzima hapana. Zimetiwa saini na mwenyekiti wa kamati, Mhandisi Z. B. Mkude. Ungependa kutoa maoni?"

Alikumbuka. Ilikuwa miaka thelathini nyuma, ukumbini, chai ya tangawizi mezani. Kifungu cha nne alikiandika mwenyewe na kukitetea siku nzima, kwa sababu nani angetaka makelele? Kifungu cha kumi na moja alikipendekeza baada ya mama yake kulalamika kwamba mashine za siku hizi zinajibu wakubwa ovyo. Wajumbe walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza mzee atajuaje kuwa amekataliwa.

Aliishika santuri. Ilikuwa laini upande mzima kama sahani ya kulia. Akairudisha mezani, akasimama katikati ya sebule yake, akiwa na hasira na mashine, na kamati, na zaidi ya vyote yule mhandisi kijana mwenye tai aliyejiona anajua kila kitu.

"Anza upya," alisema. "Na ukifika dakika ya tatu, zima."

"Nimesikia, mzee wangu."

Hakukiamini tena. Wimbo ulipofika dakika ya tatu aliuchomoa waya ukutani mwenyewe. Kisha Zakaria, ambaye hakuwahi kuimba hata kanisani, akafungua kinywa.

"Mikono mifupi," aliimba. "Mikono mifupi. Mikono mifupi."

Sauti yake ilikwaruza, ikapanda pale ilipotakiwa kushuka. Alijisikia mpumbavu. Akaimba mara kumi, mara ishirini, macho yake kwa mkewe. Khanga ilisogea kwenye magoti. Vidole vya Anastazia vilikuwa vikiikunja pindo, taratibu, kama mtu anayejizuia. Alfajiri na jioni za miezi saba hakuwahi kuuona uso ule ukikunjamana. Sasa ulikunjamana kwa karaha.

"Mikono mifupi. Mikono mi..."

"Baba Tekla." Sauti ilikuwa nzito, neno likiburuzwa kutoka mbali. Akageuka kutoka dirishani akamtazama. "Unaimba vibaya. Nyamaza."

Zakaria alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Akavuta pumzi, akaendelea kuimba, akisubiri aambiwe mara ya pili.